Kambi Niliyoichonga kwa Hatua za Baba

"Hii ni kitanda yangu."

Askari aliyesema hivyo alikuwa amesimama mlangoni mwa banda la gemu, Bwera, siku ya soko, simu iliyozimika mkononi na waya wa chaja umening'inia. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayejisemea. Ndani walijaa vijana wa soko, wengine bado wananuka samaki wa chumvi, wote wameangalia televisheni kubwa. Mmoja wao ameshika pedi ya kuchezea na anamwendesha mtu asiye na uso ndani ya ukumbi mrefu wenye vitanda pande mbili. Kitanda cha tatu kutoka mlangoni kilivunjika mguu, kikategemezwa kwa tofali. Chini yake kuna beseni la kijani lenye ufa.

"Hii ni kitanda yangu," akarudia. "Tofali ni yangu. Beseni ni yangu. Nani aliingia kwa bweni yetu?"

Vijana wakaangua kicheko. Aliyeshika pedi akasimama, akapiga saluti ya mchezo. "Afande, karibu nyumbani! Lala kidogo, lakini dakika zikiisha unampisha mwingine."

Na mimi nikacheka. Sifichi. Nilicheka kwa furaha, kwa sababu kama mwenye kitanda amekitambua kitanda chake, basi nimejua kuchonga.

"Wewe ndiye ulifanya hii?" akaniuliza.

"Ni mimi, afande!" Nilijibu kama mtoto aliyeulizwa nani kashinda mbio.

Aliitazama televisheni, akanitazama, akaitazama tena. Kisha akaondoka bila kuchaji simu. Mtu haingii bandani kutafuta umeme halafu akaondoka na simu iliyokufa. Hilo nililiona, lakini sikulifikiria.

Mimi ni mtoto wa kambi. Nimezaliwa katika nyumba za mabati za familia, nje kidogo ya Kasese, baba sajenti kutoka kaskazini, mama mtu wa Mahango huko juu mlimani. Shule niliishia sinia ya nne, yaani kidato cha nne, na matokeo yangu hayakuwa ya kutundika ukutani. Lakini mkono wangu tangu zamani ulikuwa haukai. Nilichora kwenye vumbi, nikachora kwenye maboksi ya mgao wa askari, na nilipopata kazi ya kusimamia banda la gemu Bwera, nikagundua kwamba yale majumba na milima watu wanayokimbilia ndani ya gemu yamechongwa na watu. Kuna mtu aliyekaa chini akachonga kila jiwe. Siku hiyo sikula. Nilikuwa naangalia mawe tu.

Mwenye banda ni mama mmoja aliyevuka kutoka Kongo miaka mingi iliyopita. Aliniruhusu nitumie kompyuta yake ya zamani asubuhi kabla ya wateja. Nikapata programu ya bure ya kuchonga, nikapata video za mafunzo, nikawa najifunza. Wanaofundisha kwenye video wanaongea Kiingereza mbio mbio kama wanafukuzwa, kwa hiyo niliangalia mikono yao, si midomo. Mwaka wa kwanza nilichonga sufuria. Sufuria zangu zilikuwa na sura ya kofia. Mwaka wa pili zikawa sufuria.

Ndipo baba akaleta habari ya chuo, na barua yao mkononi. Kipo Kampala chuo kinachofundisha sanaa ya gemu, miaka miwili, na kinapokea hata mtu wa sinia ya nne, mradi apeleke kazi zake waone mkono wake. Baba alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na alitaka niingie chuoni kabla hajavua sare.

"Wewe unasoma na nani?" akaniuliza. "Na ukuta?"

"Nasoma na video, baba."

"Video inakuona wewe?"

"Hapana. Mimi ndiye ninayeiona."

"Basi hiyo si mwalimu. Hiyo ni sinema."

Mimi sikutaka chuo. Kijana wa mtaa wetu alimaliza kozi kama hiyo, na leo anauza laini za simu chini ya mwavuli. Nikamwambia baba: nipe hadi mvua ziishe. Nitachonga mahali ambapo wewe unapajua kuliko mtu yeyote. Utatembea humo ndani. Usipoona hata kosa moja, shule tunaiacha. Ukipata kosa, naenda Kampala bila kunung'unika.

Baba alicheka hadi akashika ukuta. "Mimi kutafuta kosa ndiyo kazi yangu miaka yote hii. Umekwisha."

Video ile ya kwanza kabisa ilikuwa imesema: chonga mahali unapopajua. Mimi ninapajua wapi? Nikachonga kambi.

Kila Jumamosi nilirudi nyumbani na laptopu niliyoazimwa na yule mama, baba akaketi kwenye kigoda, miwani puani, akashika pedi kama ameshika yai. Akawa anakagua.

"Kosa! Mlingoti wa bendera uko kushoto."

Nikarekebisha.

"Kosa! Kutoka getini hadi ofisini ni hatua mia moja na arobaini. Wewe umeweka kama themanini. Njoo tuhesabu."

Tukatoka, yeye mbele mimi nyuma, tukahesabu kwa mwendo wa gwaride, maana baba anasema hatua ya gwaride haidanganyi, ni ile ile kwa mtu mrefu na mtu mfupi. Walinzi getini wakatucheka. "Sajenti, unamfundisha binti ukuruta?" Baba akajibu, "Huyu anawachora ninyi wote. Simameni vizuri mtoke vizuri!" Nao wakasimama vizuri, jamani. Wakanyoosha na mashati.

Ndani ya bweni la askari wasio na familia mimi sikuwahi kuingia. Msichana haruhusiwi. Nililichonga kwa kubahatisha, vitanda vyote sawasawa kama vya hospitali. Baba akatikisa kichwa. "Kosa. Kitanda cha tatu kinalala juu ya tofali. Chini iko beseni ya kijani, imepasuka hapa." Akanionyesha kwa kidole chake urefu wa ufa.

Ilienda hivyo miezi mitatu. Yeye alikuwa anatafuta ushindi, mimi natafuta ushindi, na kila alipopata kosa kambi ilizidi kuwa kambi. Mama alitupitia na ndoo kichwani akasema, "Nyie wawili mna wazimu mmoja." Ile njia yake ya maji nayo niliichonga, bila kuambiwa na mtu. Nyuma ya jiko, seng'enge imeachana kidogo, wanawake huinama wakapita kwenda mtoni badala ya kuzunguka hadi getini. Kila mwanamke wa kambi anaijua. Baba alipofika hapo kwenye skrini, alisimama. Nilingoja aseme kosa. Hakusema. Akaguna, akageuka, akaenda zake kwenye uwanja wa gwaride.

Jumamosi ya mwisho alitembea kambi nzima mara mbili, kisha akaweka pedi chini.

"Hakuna kosa," akasema. Akavua miwani, akaifuta na pindo la shati kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani. "Umenishinda, mama."

Huniita mama anapokuwa ameguswa. Nikamkumbatia. Barua ya chuo nikaifungia kwenye kitambaa, nikaitia chini ya sanduku.

Jumatatu nikarudi Bwera nikamwonyesha mwenye banda. Akapiga makofi. "Mutoto yangu! Hii batu bataipenda! Weka kwa televizyo kubwa, batu baone!" Nikaweka. Nani angekataa? Mwanzoni waliingia wawili watatu, wakisubiri zamu ya mpira. Wiki ya pili wakawa wanaacha mpira. Mtu aliyefukuzwa getini siku zote, aliyeogopa hata kupita ule upande wa barabara, sasa anaingia kambini bila kuulizwa kitambulisho, anakaa kwenye kiti cha mkuu, anapanda juu ya paa la jiko. Walifurahi sana. Walishindana nani atamaliza kuzunguka haraka. Kuna mmoja aligundua ile njia ya nyuma ya jiko akawafundisha wenzake: "Usipite getini, utapoteza muda. Pita hapa kwa wamama."

Na sisi tuko Bwera. Kutoka banda hadi mpaka unaenda kwa miguu na bado chai yako haijapoa. Watu wa huku wanajua kwa nini askari wetu hawacheki sana: waasi huvuka kutoka ng'ambo kuvamia. Nami najua, nimelia katika misiba ya majirani zangu. Lakini sikuunganisha. Mpaka leo nikijiuliza ni vipi sikuunganisha, sipati jibu la kunipendeza. Nilikuwa na furaha tu. Furaha ilijaa hadi machoni.

Jioni ya siku ile ya askari na simu yake, baba alipiga. Baba kwenye simu huanza na salamu za mbuzi, za mvua, za shangazi. Siku hiyo hakuna salamu.

"Beba hiyo mashine yote. Ile ya banda pia, na waya zake na kila kitu. Rudi nyumbani. Usiongee na mtu."

Mwenye banda alinisaidia kufunga kompyuta kwenye shuka. "Bilikuwa bya kucheza," alikuwa anarudia. "Bya kucheza tu, jamani."

Asubuhi tuliingia ofisi ya mkuu wa kambi. Nilipovuka mlango nilishtushwa na kitu cha kipuuzi: ofisi ilikuwa vile vile nilivyoichonga. Kalenda, saa iliyosimama, kiti chenye mto wa maua. Baba alikuwa ameniambia yote. Nilijiona kama niko ndani ya gemu yangu, na sasa kuna mtu mwingine ameshika pedi.

Yule askari wa kitanda alikuwa amesimama pembeni. Mkuu akasema, "Washa."

Nikawasha. Mkuu mwenyewe akashika pedi. Aliingia getini, akapita chumba cha walinzi, akaenda ofisini, akakiangalia kiti chake. Alitembea kambi yote kwa utaratibu kama baba. Kisha akafika nyuma ya jiko. Akasimama. Akarudi nyuma, akaenda mbele. Mtu wake asiye na uso akainama, akapita kwenye seng'enge, akawa nje.

"Hii njia ni ya nani?"

Yule askari akatazama buti zake.

"Nauliza. Mimi niko hapa miaka minne. Hii njia ni ya nani?"

"Ya maji, afande," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya kifaranga.

"Iko kweli, au umeitengeneza?"

Nikamtazama baba. Baba alikuwa anatazama ukuta. "Iko kweli, afande."

Mkuu akaweka pedi mezani polepole. "Watu wangapi wamecheza hii, Bwera?"

Sikujua. Niliwaona wale vijana wote, kicheko chao, nikatambua kuwa sijui jina la hata nusu yao. Wala sijui wanalala upande gani wa mpaka.

"Mwalimu wako nani?"

"Sina, afande. Video."

"Na hiyo video ilikuambia uonyeshe watu kambi ya jeshi?"

"Hapana, afande. Ilisema chonga mahali unapopajua."

"Na wewe unajua kambi tu."

"Ndiyo, afande."

Akavuta pumzi. Nilidhani yamekwisha. Kisha akageuza kichwa kidogo kumwelekea yule askari, akaniuliza taratibu kabisa: "Msichana haingii bweni la wanaume. Nani alikuambia habari ya tofali?"

Nilikuwa na uongo tayari. Nilitaka kusema nilichungulia dirishani. Nilifungua mdomo, na kabla neno halijatoka nikasikia kisigino cha buti kikigonga sakafu.

"Ni mimi, afande."

Baba alikuwa amesimama wima, kidevu juu, mikono imenyooka. Sijawahi kumwona hivyo kwa ajili yangu. Nilimwona hivyo kwenye gwaride tu.

"Na hatua?"

"Ni mimi, afande. Nilihesabu mimi."

"Sajenti," mkuu akasema, na sauti yake ilivunjika kidogo, nilisikia, "umebakiza miezi mingapi?"

"Minne, afande."

"Toa mkanda. Toa kamba za buti."

Mtoto wa kambi anajua maana yake. Askari anayefungwa huvuliwa mkanda na kamba za viatu asije akajidhuru. Nimewaona wengi, tangu utotoni, wakipita wanaburuza buti. Tuliwacheka, sisi watoto. Tuliwaigiza. Sasa baba aliinama mbele yangu akaanza kufungua kamba, na kwa kuwa magoti yake si ya zamani, ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Akaziweka mezani kando ya pedi. Kisha akatoka na mlinzi, buti zikipiga kla, kla, kla kwenye sakafu.

Alifungwa siku tatu. Mkuu alisema angeweza kuipeleka kesi juu, lakini ameujali utumishi wake wa miaka mingi. Kwangu alisema neno moja: "Futa."

Nikafuta. Fundi wa mitambo alikaa kando yangu kuhakikisha, laptopu, kompyuta ya banda, na flashi mbili. Kila mara mashine iliuliza kama nina hakika. Nilishtuka nikagundua hiyo ndiyo mara ya kwanza kitu chochote kuniuliza hivyo juu ya kazi ile.

Kesho yake seng'enge ilizibwa kwa waya mpya. Wanawake wakaanza kuzunguka hadi getini, ndoo kichwani, mwendo mrefu wa jua. Mama naye. Hakunisema. Jirani yetu ndiye aliyesema, tena kwa sauti ili nyumba zote zisikie: "Msanii! Tuchoree basi na bomba, maji yatufuate!" Wakacheka, lakini kicheko hakikuwa na sukari. Nilichukua ndoo ya mama nikaenda. Nikazichukua na za jirani. Wiki nzima nilichota maji ya watu.

Mchana nilimpelekea baba chakula. Kota-gadi, chumba cha walinzi pale getini, kina dirisha dogo. Alikuwa amekaa sakafuni, buti zimefunuka ulimi nje, kama mbwa wawili wamechoka. Alinitania kwanza, ndivyo alivyo.

"Hapa ndani hukuchonga. Ningekupa kosa."

Nikalia. Akaniacha nilie, akala. Kisha akasema, "Sikiliza. Nilisema video haikuoni. Mimi nilikuona. Nilikaa nyuma yako miezi mitatu, askari mzima, na sikukuuliza hii unamwonyesha nani. Nilikuwa nataka tu kukushinda."

"Ni kosa langu, baba."

"Ni letu. Usininyang'anye yangu."

Nilikaa pale hadi mlinzi akanifukuza kwa upole. Njiani nilikuwa nawaza. Kuchonga nimejifunza mwenyewe, hilo hakuna wa kulipinga, mwenye kitanda ni shahidi. Ningeweza kuendelea hivyo. Lakini nilitaka safari nyingine awepo mtu mmoja, mmoja tu, asiye baba yangu, asiyenipenda hivyo, ambaye atashtuka kabla watu wote hawajaona. Sijui kama chuoni yupo. Nyumbani nimeona hayupo. Nikatoa barua chini ya sanduku. Zilikuwa zimebaki siku tisa za kupeleka kazi, na mimi sina kazi hata moja, ila zile sufuria.

Baba alipotoka, alivua buti mlangoni, zikiwa bado hazina kamba, akalala. Nilizitazama. Ngozi imekunjamana pale vidole vinapokunjika, kisigino cha kulia kimelika upande wa nje kwa sababu ya goti. Nikawasha laptopu nikaanza kuzichonga. Siku sita, hata kupika nilisahau.

Zilipokaribia kwisha, nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilimwita.

"Baba, hizi ni zako. Nataka kuzituma Kampala. Naruhusiwa?"

Akavaa miwani, akainama karibu.

"Unawaonyesha akina nani?"

"Walimu. Wale wanaochagua."

"Wengine?"

"Hakuna wengine. Nikitaka wengine nitakuuliza tena."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha kidole chake kikaenda kwenye skrini, kwenye matundu matupu.

"Kosa," akasema.

"Baba, zilikuwa hivyo. Niliona."

"Nilikuwa hivyo siku tatu. Miaka mingine yote nilikuwa na kamba. Wewe unataka kuwaambia walimu ipi?"

Akaenda ndani, akarudi na buti moja na kamba zake, akaketi kwenye kigoda chake karibu nami. "Angalia. Jeshini hatufungi msalaba. Inaenda sawa, kama ngazi. Ukifunga msalaba watajua huyu baba yake si askari." Akaanza kupitisha kamba, tundu kwa tundu, polepole, akisimama kila ngazi hadi niwe nimemaliza ya kwangu.